Karafuu Ina Mwendo Gani?

Mpe kijana wa kikundi cha maigizo karafuu moja anuse, kisha mwambie atembee kama harufu ile. Atasita kidogo, halafu mwili utaanza kujibu: mabega yanapanda, hatua zinakuwa fupi na kali. Mwambie atoe sauti inayofaa mwendo huo, kisha amtafute mtu mwenye sauti hiyo. Mhusika anazaliwa kabla mstari mmoja haujaandikwa.

Sayansi imechunguza uhusiano huu wa hisi kwa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1812 Georg Sachs, akihitimu udaktari Erlangen, Ujerumani, alieleza katika tasnifu yake jinsi herufi, tarakimu na sauti za muziki zilivyomjia zikiwa na rangi. Hali hiyo ndiyo sinesthesia: mlango mmoja wa fahamu ukiguswa, mwingine nao huitika. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006 ulikadiria kuwa watu 4 hivi katika kila 100 wanayo. Si ugonjwa, wala mwenyewe hachagui. Herufi iliyo nyekundu kwake leo, kwa kawaida itakuwa nyekundu hata miaka mingi ijayo.

Wengine tunayo chembe yake. Mwaka 1929 mwanasaikolojia Wolfgang Köhler aliandika kwamba watu wakioneshwa umbo lenye ncha na la mviringo, wengi huliita lenye ncha "takete" na la mviringo "baluma". Mwaka 1961 mtafiti R. Davis alichapisha jaribio la aina hiyo lililofanywa kwa watoto wa Uingereza na wa kando ya Ziwa Tanganyika. Pande zote mbili zilielekea jibu lilelile.

Hapo ndipo maigizo ya vijana yanapopata nguvu. Asiyejua kusoma vizuri, au anayeona haya kusema, ana hisi sawa na wenzake. Kundi la maigizo la Oily Cart la London, lililoanzishwa mwaka 1981, limewatengenezea watoto wenye ulemavu maonesho ya kugusa, kunusa na kusikia, hata ndani ya mabwawa ya maji.

Mwalimu, kabla ya zoezi la karafuu, uliza kwanza nani ana pumu au mzio. Kisha pokea kila jibu. Kijana akisema Jumatatu ni ya kijani, usimcheke wala usimsahihishe. Mwulize kijani hicho kinatembeaje, na mwache akioneshe jukwaani.