Kabla ya Kuweka Injini ya Dizeli Kwenye Pikapu ya Petroli

Wakazi wengi wenye pikapu kuukuu za petroli huamua kuzigeuza ziwe za dizeli, hasa Toyota Hilux, ambayo huwekwa injini ya 2L au 3L. Sababu inaeleweka: dizeli huenda mbali zaidi kwa lita moja, na huvuta mzigo hata injini ikizunguka polepole. Lakini EPRA hutangaza bei mpya za mafuta tarehe 14 ya kila mwezi, na tofauti kati ya petroli na dizeli hupanda na kushuka. Usipige hesabu kwa bei ya leo pekee. Linganisha gharama ya kazi nzima na kilomita unazoendesha kwa mwaka. Gari linaloenda sokoni mara moja kwa wiki huenda lisirudishe pesa hizo.

Jambo la kwanza la kumuuliza fundi ni breki. Injini ya petroli hufyonza hewa kupitia kilango kinachofunguliwa na kanyagio la mafuta, na mvuto huo ndio unaousaidia mguu wako kusukuma breki. Injini za dizeli kama hizi hazitoi mvuto wa kutosha, kwa hivyo zinahitaji pampu ya vakumu. Kwenye 2L na 3L, pampu hiyo hukaa nyuma ya alternata. Fundi akifunga alternata ya petroli kwa kuwa ndiyo iliyopatikana, breki zitakuwa ngumu kama jiwe, na mteremkoni ukiwa na magunia ya mahindi si mahali pa kuligundua hilo.

Tangi lioshwe kabisa. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu yake, petroli hailainishi, na pampu hiyo ni ghali. Liwepo pia bomba la kurudisha mafuta tangini. Injini ya 2L hugandamiza hewa zaidi ya mara 20, ilhali ya petroli ya umri huo ni kama mara 9, kwa hivyo betri iwe kubwa zaidi. Springi za mbele nazo zikaguliwe, maana dizeli ni nzito. Ukiweza, nunua injini pamoja na giaboksi yake.

Serikali ya kaunti haisajili magari. Hiyo ni kazi ya NTSA. Logbuku huonyesha nambari ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta, na mambo hayo yatakuwa yamebadilika. Omba marekebisho kupitia akaunti yako ya eCitizen, kisha upeleke gari likaguliwe. Asiye na intaneti anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre. Ijulishe pia kampuni ya bima, kwani stakabadhi zisizolingana na gari huleta mgogoro siku ya kudai fidia.

Hifadhi risiti ya injini na karatasi za uagizaji wake. Injini ambayo nambari yake imesagwa usiiguse, hata ikiwa rahisi namna gani: polisi wakiikuta, atakayeulizwa ni wewe, si aliyekuuzia.

Oili chafu ya injini ya zamani isimwagwe mtaroni. Iwekwe kwenye mtungi wenye kifuniko, mbali na watoto, hadi ichukuliwe na mkusanyaji mwenye leseni.