Je, Wajua? Siku ya Mwisho wa Mwezi Huweza Kutoweka Kwenye Ripoti

Je, wajua kwamba programu ya mauzo inaweza kuruka siku nzima ya biashara bila kutoa onyo lolote? Tuseme kanzidata imeombwa mauzo ya kati ya 2024-06-01 na 2024-06-30. Ikiwa safu husika inatunza tarehe pamoja na saa, kwa kawaida kompyuta huisoma 2024-06-30 kuwa saa 00:00:00, yaani saa sita kamili usiku, siku ndiyo kwanza inaanza. Risiti zote zilizokatwa baada ya hapo haziingii kwenye jumla. Ripoti inatoka safi kabisa, na hilo ndilo la hatari: mhasibu hana sababu ya kuitilia shaka.

Dawa ni kuomba kuanzia 2024-06-01 hadi kabla ya 2024-07-01. Hapo hata Februari haisumbui.

Saa nazo zina mtego wake. Seva nyingi hutunza saa za UTC, na Afrika Mashariki iko mbele kwa saa 3. Malipo ya saa saba usiku, Julai 1, Dar es Salaam au Nairobi, huandikwa 2024-06-30 22:00. Basi geuza mipaka ya mwezi iwe UTC kwanza, ndipo uulize.

Tarehe yenyewe ipelekwe kama kigezo, isibandikwe ndani ya maandishi ya SQL. Ukibandika 03/04/2024, mfumo mmoja utasoma Aprili 3, mwingine Machi 4.