Kabla ya kuagiza mwanasesere mtandaoni, jua anaitwaje forodhani

UMEKAA na simu yako, umekiona kisanamu cha Naruto au Goku kwenye duka la mtandaoni la ng'ambo. Bei ni nzuri, picha inavutia. Unapiga hesabu haraka haraka: bei ya kitu, nauli, basi. Wewe na wenzako mkichanga muagize mia moja, faida si ipo? Kisha mzigo unatua nchini na ajenti wa forodha anapiga simu. Kuna pesa za serikali za kulipa, na zinakaribia nusu ya thamani ya mzigo wenyewe.

Hapo ndipo vijana wengi hulalama kwamba wameporwa. Lakini mara nyingi kila shilingi waliyoitishwa iko kwenye sheria, tena ingeweza kujulikana hata kabla ya kuagiza. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaambia mahali pa kuitafuta.

Biashara hizi zimeshika kasi. Kuna wanaouza visanamu vya anime kwa mashabiki wanaokutana kila mwaka kwenye tamasha la NAICCON jijini Nairobi. Kuna wanaoleta vijisanamu vya kupamba keki za bathdei. Kuna wanaoshona wanasesere wa kroshia wenye nywele za kipilipili na kuwauza Instagram na TikTok. Wote hawa, wajue wasijue, wanakutana na kitabu kimoja: orodha ya ushuru wa forodha.

Kila kitu kina nambari

Forodhani hakuna kitu kinachoitwa "kile kidude cha Goku". Kila bidhaa inayovuka mpaka hupewa nambari kutoka mfumo wa HS, unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani (WCO), lenye makao makuu Brussels, Ubelgiji. Mfumo huo ulianza kutumika 1988 na una makundi zaidi ya 5,000. Toleo linalotumika sasa lilianza Januari 1, 2022.

Nambari sita za kwanza hufanana duniani kote. Kenya na wenzake wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC) huongeza mbili zao, zikawa nane. Nambari mbili za mwanzo ndizo sura. Sura ya 95 ni ya vitu vya kuchezea, michezo na vifaa vya spoti. Ndani yake kuna kundi la 9503, na humo ndimo wanapoishi wanasesere, baiskeli za magurudumu matatu za watoto, vigari vya kuchezea na hata mafumbo ya kupanga vipande.

Sasa, mtu anaweza kudhani kila kitu chenye kichwa, mikono na miguu kitaingia humo. La hasha.

Kisanamu kilichotengenezwa ili kiwekwe kwenye rafu kitazamwe tu, kwa kawaida hufuata kile kilichokiunda. Cha plastiki huenda sura ya 39, namba 3926.40. Cha mbao, kama vile vinyago vya Wamunyu, huenda 4420. Cha kauri ni 6913. Cha chuma au shaba ni 8306. Wale Yusufu, Maria na mtoto Yesu wa kuweka kwenye pango la Krismasi nyumbani wana mahali pao pia: 9505, pamoja na mapambo ya sherehe.

Mwanasesere, naye, ana upendeleo wake. Maelezo rasmi ya mfumo wa HS yanasema hata mwanasesere wa urembo tu, ambaye hakuna mtoto atakayemshika, bado ni mwanasesere na hubaki 9503. Kwa hivyo kitu cha kuchezewa na kitu cha kutazamwa vinaweza kufanana kama mapacha na bado vikatenganishwa mlangoni.

Wanajeshi na mutanti mahakamani

Ukidhani haya ni mabishano ya makarani tu, tazama yaliyotokea Marekani.

Mwaka wa 1964, kampuni ya Hasbro ilitoa G.I. Joe, mwanajeshi wa kuchezea ambaye unaweza kumkunja mikono na miguu. Ilihofia kwamba wavulana hawatakubali kucheza na "mwanasesere", ikamuuza kwa jina jingine kabisa. Miaka ilisonga, suala likafika mahakamani kwa sababu ya ushuru. Mwaka wa 1989 mahakama ya rufaa iliamua kwamba umbo la mtu ni umbo la mtu: G.I. Joe ni mwanasesere, hata akivaa kofia ya vita na kushika bunduki.

Baadaye ikaja zamu ya Toy Biz, kampuni iliyokuwa ikileta wahusika wa Marvel: X-Men, Spider-Man na Fantastic Four. Wakati huo wanasesere walitozwa asilimia 12 na vitu vingine vya kuchezea asilimia 6.8. Tofauti katika orodha hiyo ilikuwa hivi: anayewakilisha binadamu ni mwanasesere, anayewakilisha mnyama au kiumbe kisicho binadamu ni kitu kingine cha kuchezea.

Basi mawakili wakaingia kortini kubishana kama mutanti ni mtu. Januari 2003, Jaji Judith Barzilay wa Mahakama ya Biashara ya Kimataifa aliamua kwamba hawa, kwa makucha yao, vipawa vyao na maumbile yao ya ajabu, si binadamu. Toy Biz ikapata kiwango cha chini. Mashabiki wengine walinung'unika, maana hadithi nzima ya X-Men ni ya watu wanaopigania kuhesabiwa kuwa watu kama wengine.

Mzozo wa aina hiyo ulikosa maana HS ilipofanyiwa marekebisho 2007. Wanasesere, waliokuwa na kundi lao la 9502, waliunganishwa na vitu vingine vya kuchezea katika 9503. Lakini funzo lilibaki pale pale. Forodha haiangalii jina ambalo muuzaji ameandika kwenye boksi. Inaangalia kitu chenyewe: kinafanana na nini, kimeundwa kwa nini, na kimekusudiwa kazi gani.

Hesabu ya kwetu

Turudi Kenya. Nchi za EAC hutumia Ushuru wa Pamoja wa Forodha. Kwa miaka mingi ulikuwa na ngazi tatu: asilimia 0 kwa malighafi na mashine, 10 kwa bidhaa ambazo hazijakamilika, na 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Kuanzia Julai 1, 2022 iliongezwa ngazi ya nne ya asilimia 35. Wanasesere na vitu vya kuchezea vya 9503 viko kwenye 25. Bidhaa za kauri zilitajwa miongoni mwa makundi yaliyoguswa na ngazi ya 35, kwa hivyo anayetaka kuleta visanamu vya kauri asikisie, akague namba yake kwanza.

Na hiyo 25 ni mwanzo tu. Tuseme mmeleta visanamu 100 vya kuchezea kwa meli kupitia Mombasa. Bei, bima na nauli hadi bandarini, kila kimoja kimewagharimu Sh2,000. Thamani ya forodha ni Sh200,000.

Ushuru wa forodha, asilimia 25, ni Sh50,000. VAT ya asilimia 16 haikatwi kwenye zile 200,000 pekee. Hukatwa baada ya ushuru kuongezwa, yaani kwenye 250,000, ikawa Sh40,000. Ada ya tangazo la uagizaji, ambayo wengi huijua kama IDF, ni asilimia 2.5: Sh5,000. Ushuru wa ustawishaji wa reli (RDL), uliopandishwa hadi asilimia 2 Desemba 2024, ni Sh4,000.

Jumla: Sh99,000.

Kila kisanamu sasa kimefika Sh2,990, kabla hujamlipa ajenti, kabla ya bodaboda, kabla ya data ya kuweka matangazo. Kama mlikuwa mmewaahidi wateja bei ya Sh2,800, mnapoteza Sh190 kwa kila kimoja, ambayo ni Sh19,000 kwa mzigo mzima. VAT hiyo mfanyabiashara aliyesajiliwa anaweza kuidai, lakini sheria hulazimisha kujisajili pale tu mauzo yanapofika Sh5 milioni kwa mwaka. Kijana anayeuzia chumbani huko hajafika, kwa hivyo kwake hiyo ni gharama moja kwa moja.

Anayeshona hapa naye?

Hapa kuna jambo linalouma zaidi. Fikiria msichana wa Kisumu au Thika anayeshona wanasesere kwa mikono yake. Uzi anaweza kuupata hapa, lakini yale macho ya plastiki yenye kifungo cha nyuma huagizwa China. Chini ya HS, vipuri vya mwanasesere huenda pamoja na mwanasesere mwenyewe: kichwa, mikono, macho, nywele, nguo, hata viatu vyake. Vyote 9503. Macho ya kioo ambayo hayajafungwa kwenye kitu chochote ndiyo huenda kwingine, 7018.

Maana yake ni kwamba aliyeleta mwanasesere mzima kutoka kiwandani na aliyeleta macho tu ili amalize kazi hapa nyumbani, wote hugonga mlango wa asilimia 25. Ngazi za EAC zilipangwa ili malighafi iwe nafuu kuliko bidhaa kamili, anayeunda hapa apate nafasi. Kwa fundi wa wanasesere, ngazi hizo hazimpandishi popote. Wanaowasilisha maoni kuhusu bajeti kila mwaka wangefaa kulitaja hili, maana kazi hii ni ya vijana, haihitaji mtaji mkubwa, na humpa mtoto wa Kiafrika mwanasesere anayefanana naye.

Ana faida moja lakini, na wengi hawaitumii. Bidhaa iliyotengenezwa Kenya kwa kufuata kanuni za asili ya bidhaa za EAC huvuka kwenda Arusha au Kampala bila ushuru wa forodha. Kwa mizigo midogo isiyozidi dola 2,000, kuna cheti rahisi cha asili ya bidhaa kinachopatikana mpakani kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mwanasesere wa kutoka China akifika soko lilo hilo, amebeba 25 mgongoni.

Kabla ya kubonyeza "lipa"

Kwanza, tafuta namba yako ya HS. Usimwulize muuzaji wa ng'ambo peke yake, maana yeye huandika inayomfaa kwao. Mweleze ajenti kitu hicho kwa maneno: kimeundwa na nini, viungo vinasogea au la, kimesimama kwenye kitako cha kudumu au la, ni cha mtoto kuchezea au cha kupamba. "Plastic gift" kwenye ankara haimsaidii mtu yeyote.

Pili, kama mzigo ni mkubwa au hujui uko upande gani, omba uamuzi wa mapema kutoka kwa KRA. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya EAC ya 2004 inaruhusu mwagizaji kuuliza kwa maandishi bidhaa yake itawekwa kundi gani kabla haijafika. Ukishapata jibu, unajua bei ya kuuzia.

Tatu, kataa ofa ya muuzaji anayesema, "Nitaandika ni zawadi, ya dola tano tu." Chini ya kifungu cha 203 cha sheria hiyo hiyo, kutoa maelezo ya uongo forodhani ni kosa, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka mitatu au faini ya dola 10,000. Mzigo ni wako, jina ni lako, na yeye yuko mbali.

Nne, kama ni vya watoto kweli, kumbuka Shirika la Ubora wa Bidhaa (KEBS) nalo lina la kusema. Macho yanayong'oka ni hatari kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, na viwango vya usalama vinaliangalia hilo.

Tano, ukiona umetozwa kwa namba isiyofaa, usiishie kulalamika kwenye WhatsApp. Una siku 30 tangu uamuzi utolewe kumwandikia Kamishna umwombe aupitie upya. Asipokuridhisha, una siku 45 za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru. Beba picha ya kitu, ankara, na hicho kisanamu chenyewe ikiwezekana. Toy Biz nao waliweka vyao mbele ya jaji, kimoja kimoja.

Na hesabu uliyoisoma hapa usiitumie milele. Viwango hubadilishwa, mara nyingi mwaka mpya wa fedha unapoanza Julai 1. Angalia vya mwezi unaoagiza, ndipo uwaambie wateja bei.