Mashua ya tanga huanza kuzama ikiwa nchi kavu

UKISIMAMA mjini Chaka, kwenye barabara kuu itokayo Nyeri kuelekea Nanyuki, utauona Mlima Kenya upande mmoja na safu ya Nyandarua upande wa pili. Bahari iko mbali, mwendo wa zaidi ya kilomita 600 kupitia Nairobi na Mombasa. Anayezungumzia tanga na mlingoti mahali hapa huenda akadhaniwa amekosa shughuli.

Hata hivyo, shule zinapofungwa mwezi Agosti na Desemba, familia nyingi za bara huteremka hadi Diani, Nyali, Watamu na Malindi. Huko ufuoni kuna vyombo vidogo vya tanga vinavyobeba wageni, vikiwemo vile viitwavyo katamarani. Mgeni hulipa, akavishwa jaketi la kuokolea maisha na kuketi, bila kujua ni kitu gani hasa kinachomzuia asizame.

Inafaa ajue. Chombo cha aina hii aghalabu hakiangamizwi na dhoruba. Huangamizwa na ufa, waya au pini iliyopuuzwa kikiwa kimelala mchangani.

Ndugu wa ngalawa

Neno katamarani lina asili ya Kitamil, lugha ya kusini mwa India, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Chombo chenyewe ni viwiliwili viwili vyembamba vilivyounganishwa kwa vyuma vya kukingama, na katikati pametandazwa turubai ambalo ndilo kiti cha wasafiri.

Watu wa Pwani hawakuhitaji kufunzwa siri yake. Ngalawa, inayochongwa kutokana na gogo, mara nyingi la mwembe, ina matengo pande zote mbili yanayoizuia isipinduke. Wanahistoria huyahusisha matengo hayo na mabaharia kutoka Kusini-Mashariki mwa Asia waliovuka Bahari Hindi zama za kale. Wazo ni lile lile: chombo chepesi kinaweza kuhimili tanga kubwa ikiwa kimepanuliwa.

Katamarani ya ufuoni ya kisasa ilipata umaarufu kuanzia mwaka wa 1968, wakati Hobie Alter, fundi wa mbao za kuteleza mawimbini kutoka California nchini Marekani, alipotoa chombo chake cha kwanza cha aina hiyo. Hobie 16, iliyofuata baadaye, ina urefu wa mita 5.05, upana wa mita 2.41 na uzani wa kilo 145 hivi. Ni nyepesi kiasi kwamba watu wachache huweza kuiburuta hadi ufuoni. Kuburutwa huko ndiko mwanzo wa maradhi yake.

Kutafuta pancha

Viwiliwili hivi huwa na uwazi ndani, na kuta zake ni tabaka za fibaglasi. Mchanga wa Pwani hufanya kazi ya msasa. Kila safari ya kwenda majini na kurudi hula sehemu ya chini kidogo kidogo.

Fundi hodari huanza kwa mkono na sikio. Hubonyeza kila mahali kwa kidole gumba, kisha hugonga kwa sarafu. Sehemu nzima hutoa sauti kavu na kali. Pale ambapo tabaka zimeachana, sauti huwa nzito na ukuta hubonyea. Hiyo ni dalili mbaya kuliko mkwaruzo unaoonekana kwa macho.

Kutafuta mahali maji yanapopenyea ni kazi ambayo fundi yeyote wa baiskeli pale Chaka angeielewa mara moja. Yeye hutia tyubu majini akaangalia mapovu. Kwa kuwa kiwiliwili cha mashua hakiingii katika karai, fundi hupaka maji ya sabuni kwenye maungo yote, kisha hupuliza hewa polepole kwa mdomo kupitia tundu la kutolea maji. Panapotoka mapovu ndipo penye ufa. Tanbihi: pampu ya kujazia magurudumu ya gari isitumike kamwe, kwani msukumo wake huweza kuyapasua maungo yaliyokuwa mazima.

Ufa ukipatikana, ni lazima sehemu hiyo ioshwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikaushwe kabisa na kupigwa msasa hadi rangi yote itoke. Kingo husawazishwa kwa mteremko mrefu badala ya kuachwa wima, ili kiraka kipate eneo pana la kushika. Kisha vitambaa vya fibaglasi hupachikwa kwa gundi ya epoksi, tabaka baada ya tabaka. Anayefanya kazi hii avae barakoa na glavu, maana vumbi la fibaglasi hudhuru mapafu. Kupaka rangi juu ya ufa wenye unyevu ni kuuficha ugonjwa, si kuutibu.

Waya tatu na vipete

Mlingoti wa chombo hiki haukujengewa ndani ya mashua. Umesimamishwa tu juu ya chuma cha kukingama, nao hushikiliwa na nyaya tatu: mmoja mbele na mmoja kila upande. Waya mmoja ukikatika upepo ukiwa mkali, mlingoti wote huanguka, na walioketi chini yake hawana pa kukimbilia.

Kila waya umesokotwa kwa nyuzi nyingi za chuma kisichoshika kutu kirahisi. Hata hivyo, maji ya chumvi hujificha pale waya unapoingia katika kifundo chake cha mwisho, na hapo ndipo nyuzi huanza kukatika. Uzi mmoja tu uliochomoza ni sababu tosha ya kuutupa waya mzima. Mafundi waangalifu hubadilisha nyaya zote kwa pamoja kila baada ya miaka michache, kwa kuwa zimekula chumvi ile ile kwa muda ule ule.

Nyaya hufungwa kwa pini, na kila pini huzuiwa isichomoke na kipete kisichozidi ukubwa wa kipini cha sikioni. Vipete hivyo hufunikwa kwa utepe ili kamba isivinase na kuving'oa. Ni kitu cha bei ndogo mno, lakini mlingoti wote unakitegemea.

Hatari nyingine iko juu ya kichwa. Mlingoti wa alumini hupitisha umeme, na wapo mabaharia nchini Marekani waliofariki baada ya milingoti yao kugusa nyaya za stima, hali iliyofanya ncha ya mlingoti wa Hobie 16 ianze kuundwa kwa fibaglasi katika miaka ya 1980. Kabla ya kusimamisha mlingoti au kuisukuma mashua ikiwa imetwekwa, ni sharti mtu ainue macho kwanza.

Chumvi na jua

Alumini inapogusana na chuma cha aina nyingine penye maji ya chumvi, huliwa upesi. Ndiyo maana unga mweupe huonekana kuzunguka riveti na skrubu. Dawa yake ni kuosha chombo kwa maji baridi kila jioni na kutia grisi ifaayo kati ya vyuma hivyo viwili.

Jua nalo hula uzi. Turubai laweza kuonekana zima ilhali mshono wake umeoza. Ukiukwaruza kwa ukucha na uzi ukakatika, hilo si la kukaliwa na mtu. Tanga lisafishwe, likaushwe na kukunjwa kwa kuviringishwa kivulini, wala lisiachwe likipigwapigwa na upepo mlingotini.

Wakati bora wa ukarabati mkubwa ni msimu wa kusi inapochachamaa, hasa Juni na Julai, ili chombo kiwe tayari kaskazi inapoanza kuvuma mwezi Desemba.

Uliza kabla ya kupanda

Basi msafiri kutoka Chaka afanye nini akifika ufuoni? Atazame mwisho wa nyaya. Abonyeze viwiliwili kwa kidole. Aulize iwapo vizibo vya matundu ya kutolea maji vimefungwa, na jana yalitoka maji kiasi gani. Avae jaketi linalomkaa sawasawa. Aidha, aulize nahodha hufanya nini chombo kinapopinduka. Jibu sahihi ni kwamba kila mtu hukishika chombo na kubaki nacho. Anayejaribu kuogelea hadi ufuoni hujitia hatarini zaidi.

Nahodha anayejua kazi yake hatakasirishwa na maswali hayo. Anayekasirika amekwisha kujibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini baharini, asiyeziba ufa huenda asipate nafasi ya kujenga chochote.