Majina na Neno la Mazingaombwe katika Mchezo wa Kikorea

Tarehe 6 Mei 2022 ulitolewa kwa njia ya Netflix mchezo wa televisheni wenye sehemu 6, uitwao Annarasumanara kwa Kikorea, na The Sound of Magic kwa watazamaji wa nchi nyingine. Mwongozaji wake ni Kim Sung-yoon, mwandishi wake ni Kim Min-jung, na asili yake ni hadithi ya picha ya Ha Il-kwon iliyoanza kusomwa katika intaneti mwaka wa 2010. Ndani yake mna nyimbo, mna mazingaombwe, na tena mna upelelezi wa polisi ambao, kusema kweli, hauuongezei mchezo thamani. Wengi huuchukua kuwa ni maombolezo ya utoto uliopotea. Fikira hiyo si makosa, lakini ni fupi. Maana jambo kubwa la mchezo huu limo katika majina ya watu wake, na majina hayo hayamfikii yule autazamaye kwa msaada wa tafsiri iandikwayo chini ya picha.

Kisa chenyewe ni hiki. Yoon Ah-yi ni msichana wa shule ya sekondari. Mama yake ameondoka nyumbani, baba yake anawakimbia wadai, na binti huyu ndiye amlishaye mdogo wake kwa vibarua afanyavyo baada ya masomo. Darasani yumo kijana wa nyumba ya kitajiri, Na Il-deung, ashindaye katika masomo yote isipokuwa hesabu, ambayo Ah-yi humpita. Kijana ataka kuinunua nafasi hiyo kwa fedha, na msichana hana uwezo wa kuidharau fedha. Katika kiwanja cha bembea kilichohamwa anakaa mtu mzima mmoja, mfanya mazingaombwe aitwaye Ri-eul, ambaye kila amwonaye humwuliza kama ayaamini mazingaombwe.

Sasa yatazamwe majina. Kwa Kikorea ai ni mtoto. Jina la msichana na neno hilo huandikwa na kutamkwa sawasawa. Amwitaye amwita Mtoto, na hali hakuna mtu katika mchezo huu aliyenyimwa utoto kuliko yeye. Il-deung ni daraja la kwanza. Na kwa kuwa jina la ukoo wake, Na, lasikika sawa na neno lenye maana ya mimi, jina zima lasema: mimi ni wa kwanza. Wasomaji wa Shaaban Robert hawatastaajabu, kwa kuwa wamekwisha kukutana na Utubora na Majivuno. Walakini kuna tofauti. Katika Shaaban Robert jina hushuhudia tabia ya mtu. Katika mchezo huu jina ni deni: wazazi wamelikopa kwa ulimwengu, na mtoto ndiye alilipaye kila mwalimu asomapo orodha ya darasa.

Jina la tatu lataka maelezo marefu zaidi. Rieul si jina la mtu. Ni jina la herufi, ya nne katika mfululizo wa konsonanti za Kikorea. Alfabeti hiyo ilitungwa mwaka wa 1443 na kutangazwa mwaka wa 1446, katika enzi ya Mfalme Sejong, na kitabu cha maelezo kilichofuatana nayo chaonyesha jinsi herufi nyingi zinavyozaliwa kwa kuongeza mstari juu ya herufi nyingine kila sauti inapozidi nguvu. Rieul haikuzaliwa hivyo. Ni miongoni mwa chache zilizotoka nje ya kanuni, na kitabu hicho chaiweka peke yake kwa jina la sauti ya nusu ulimi. Baina ya irabu mbili hutamkwa kama r nyepesi. Mwishoni mwa silabi hutamkwa kama l. Kwa Mkorea hizo si sauti mbili bali ni moja. Msomaji wa Afrika ya Mashariki analijua jambo hilo vizuri, kwa kuwa wako wasemaji wa lugha kadha za Kibantu wasiozitenga r na l, nao huchekwa shuleni kwa kosa ambalo katika lugha ya mama si kosa.

Hata jina la herufi hii ni ajabu. Kwa mpango uliomo katika kitabu cha Choe Sejin cha mwaka wa 1527, majina mengi ya konsonanti huanza na kuishia kwa sauti ileile itajwayo. Basi neno rieul huanza kwa r na kuishia kwa l, na zote mbili ni herufi moja. Tena maneno ya asili ya Kikorea hayaanzi kwa sauti hii, na katika Korea ya Kusini hata maneno yaliyotoka Kichina huipoteza yanapoanza nayo: ukoo wa Ri umekuwa I. Mchezo unapoendelea twaambiwa kwamba Ri-eul zamani aliitwa Ryu Min-hyuk, kijana hodari wa shule, aliyesukumwa na matumaini ya nyumba yake hata akili ikamchoka. Ryu ni mojawapo ya koo ambazo, kwa kanuni ileile, zililazimishwa kuiacha herufi yao ya kwanza katika daftari za serikali, mpaka ruhusa ya kuirudisha ilipopatikana mwaka wa 2007. Mtu huyu, basi, ametupa jina zima akabakiza herufi moja; naye aliyetakiwa awe mbele ya wenzake wote amechagua herufi isiyozoea kukaa mbele.

Uzito uliomwangusha si wa kubuni. Korea ya Kusini ina mtihani mmoja mkuu wa kuingilia vyuo vikuu, ulioanzishwa mwaka wa 1993 na kufanywa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Novemba. Siku hiyo ofisi nyingi huchelewa kufunguliwa ili njia ziwe wazi kwa watahiniwa, na kwa muda wa dakika 35, wakati wa jaribio la kusikiliza Kiingereza, ndege hazipai wala hazitui. Mjini Seoul ilibidi sheria izuie madarasa ya kulipia yasiendelee baada ya saa 4 usiku. Mchezo wauita mzigo huo laana ya lami: barabara iliyonyoka, imara, baridi, ambayo wazazi wameitandaza na mtoto haulizwi iendako. Sehemu zimwonyeshazo Il-deung juu ya barabara hiyo ndizo bora kupita zote.

Dhidi ya majina yenye maana kupita kiasi, Ri-eul ana neno lisilo na maana yoyote. Wakorea wanalo tangu zamani neno la mazingaombwe, suri suri masuri, litokanalo na dua ya Kibudha ya kuutakasa mdomo. Ha Il-kwon hakulichukua, akatunga lake. Annarasumanara lina silabi saba, na sita kati yake ni wazi, hata msemaji wa Kiswahili hulitamka bila taabu. Konsonanti zake ni n, r, s na m tu. Hamna p, t wala k ya kuizuia pumzi kabisa. Rieul imo mara mbili, na mara zote mbili ni katikati. Ni neno lisilomwagiza mtu awe kitu.

Lakini hapa pana udhaifu. Il-deung na Ri-eul wameumizwa na wingi wa matumaini ya watu wengine; Ah-yi ameumizwa na njaa, kodi ya nyumba, na mwajiri mwenye mkono mbaya. Mchezo wawaponya wote kwa dawa moja. Neno lisilo na maana laweza kumfungua kijana anayezibwa na jina lake; halinunui mchele. Ah-yi mwenyewe alisema kweli mapema alipotaka awe mkubwa upesi apate kujitegemea, na mchezo ungalimsikiliza zaidi ungalikuwa mzito zaidi.

Mfasiri atakayeuleta mchezo huu kwa Kiswahili atapata taabu. Akiandika Mtoto na Wakwanza badala ya Ah-yi na Il-deung, maana itahifadhika lakini watu watageuka vikaragosi. Akiyaacha majina yalivyo, nusu ya maneno itapotea. Kwa Ri-eul hakuna njia, ila labda kumfanya mtoto mmoja aulize mapema jina hilo ni la namna gani, akajibiwa kuwa ni herufi. Katika mazingaombwe atafanikiwa zaidi: Kikorea hutenga masul, ambayo ni kiinimacho, na mabeop, ambao ni uchawi, na mchezo hukaa makusudi kwenye mpaka wa maneno hayo. Pahali pamoja Kiswahili kitampa mfasiri faida. Mkorea asemapo mtu ni mkubwa husema eoreun, neno litokanalo na kitenzi cha kale cha kuoana, na akitaka kusema mtu hana akili timamu hana budi kutafuta neno jingine. Sisi husema mzima kwa yote mawili. Na watu wanaomnong’ona Ri-eul waweza kuandikiwa maneno matatu tu, huyu si mzima, mtazamaji akabaki kuamua wamesema lipi.