Msitu una saa zake

Nyumba nyingi za wageni zilizojengwa msituni zina ubao pale mapokezi. Saa 3 asubuhi, matembezi. Saa 6, maporomoko ya maji. Saa 10, baiskeli hadi kijijini. Saa 1 usiku, chakula. Ukiutazama vizuri ubao huo utagundua kwamba aliyeupanga hakuwa akiuangalia msitu, alikuwa akiangalia jiko: wageni watoke vikombe vya chai vikishaondolewa mezani, na wawe wamerudi wali ukiiva.

Katika kazi yangu ya kuwafundisha waongoza wageni kwenye misitu ya milima ya mashariki mwa Tanzania, lalamiko moja nimelizoea: “Tumetembea saa tatu nzima, hatujaona kitu.” Mgeni hadanganyi. Mara nyingi ametoka Serengeti au Mikumi, ambako macho hukimbia kilomita nzima hadi yamkute tembo. Msituni macho hayafiki mbali, mita 15 au 20 tu yameshagonga majani. Juu kuna paa la matawi, mita 30 na zaidi kutoka ardhini, na huko ndiko jua linakoishia. Chini hupenya asilimia 1 au 2 tu ya mwanga. Matunda yako juu, maua mengi yako juu, na wanaoyala wako huko huko. Anayepita chini saa 4 asubuhi ni kama mtu anayetembea kwenye chumba cha chini cha ghorofa, kisha analalamika kwamba jengo halina watu.

Nitachukua mfano wa Amani, Usambara Mashariki, wilayani Muheza. Msitu huu ni sehemu ya Milima ya Tao la Mashariki, na mwaka 1997 ulitangazwa kuwa hifadhi ya kwanza ya mazingira asilia nchini, hekta 8,380. Unapata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Hakuna simba wala twiga hapa. Kuna saa nne zenye thamani, na nyumba ya wageni inayozijua haihitaji kubuni burudani nyingine.

Saa ya kwanza ni alfajiri. Toka saa 11 na nusu, kunywa chai ukirudi. Chagua mahali palipo wazi kidogo: ukingo wa mashamba ya chai, au njia ya kupanda kilima cha Mbomole. Usiku wa milimani una baridi na unyevu, kwa hiyo jua la kwanza linapogusa vilele vya miti, mbega weusi kwa weupe hutoka nje kuota jua, mikia mirefu ikining'inia. Kabla hujawaona utakuwa umewasikia. Sauti yao ni mkoromo mzito unaotoka bonde moja na kujibiwa na bonde la pili. Baada yao huja hondohondo, na mbawa zake huvuma juu ya kichwa chako kama mtu anayepepeta kwa ungo mkubwa.

Hapo mwongoza mzuri hasemi tu “yule ni hondohondo”. Anauliza: anakula nini? Mara nyingi jibu ni tunda la msizi, mti ulioletwa Usambara na wataalamu wa misitu wa enzi za ukoloni kwa sababu unakua haraka. Hondohondo hula tunda, huruka, na kuiacha mbegu ndani ya msitu wa asili, hasa pale mti mkubwa ulipoanguka na kuacha mwanya wa mwanga. Ndege mwenyeji ndiye anayempandia mgeni. Dakika 5 za kusimama chini ya mti mmoja zimempa mtalii somo la ikolojia ambalo kilomita 10 za mwendo wa haraka zisingempa.

Kusimama ni sehemu ya kazi. Nawaambia wanafunzi wangu kilomita 1 kwa saa inatosha. Mkifika mahali pazuri, kaeni dakika 20 bila maneno. Kumi za mwanzo ni za kelele mliyokuja nayo. Kumi za pili ndipo sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, anarudi kuparura majani makavu akitafuta wadudu.

Walio na fedha ya kufika Rwanda wana njia nyingine ya kukutana na paa la msitu: katika msitu wa Nyungwe, tangu mwaka 2010, kuna daraja la kuning'inia lenye urefu wa mita 160, na sehemu fulani liko kama mita 70 juu ya bonde. Magoti hutetemeka, hilo ni kweli. Lakini faida yake hasa ni kwamba unaviangalia vilele vya miti kwa usawa wa macho. Mgeni anayelivuka akikimbia ili apigwe picha upande wa pili amelipia kutetemeka kwa magoti peke yake.

Saa ya pili ni mchana, saa 4 hadi saa 8. Wanyama wamenyamaza, na sasa ni zamu ya mimea. Wajerumani walianzisha Amani kituo cha utafiti wa kilimo na mimea mwaka 1902, na miti waliyoileta kutoka kila pembe ya dunia bado imesimama pembeni mwa barabara. Mimi lakini humpeleka mgeni kwenye jiwe lenye kivuli karibu na kijito na kumwambia apige magoti. Hapo hukua ua dogo la zambarau, urujuani wa Usambara. Majani yake yana vinyweleo laini kama sikio la paka, na bua lake ni fupi hivi kwamba ua linaonekana kama limebandikwa kwenye jiwe. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani katika eneo hili, aliupeleka mmea huu kwa baba yake Ujerumani. Leo umejaa kwenye madirisha ya nyumba za Ulaya na Marekani. Bibi mmoja mtalii anaweza kuwa ameumwagilia maji miaka 40 bila kujua kwamba kwao ni hapa, kwenye jiwe hili lenye ukungu.

Saa ya tatu ni ya maji, na ndiyo yenye hatari. Watu hupenda maporomoko, na si ajabu: ya Sanje, katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, huanguka kwa ngazi tatu zenye jumla ya mita 170 hivi. Tatizo ni kwamba ubao wa mapokezi hupeleka watu mtoni mchana na kuwarudisha jioni, muda ambao mvua nyingi za milimani hunyesha. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, ila chini ya paa la majani mawingu huyaoni. Mvua inaweza kunyesha juu mlimani, wewe ukiwa mkavu kabisa, na mto ukakufuata.

Basi fanya hivi. Ukifika mtoni, kabla hujavua viatu, chagua jiwe moja lililochomoza nusu na uliweke akilini. Kila baada ya muda litazame. Jiwe likizama, maji yakibadilika rangi na kuwa kama chai, vijiti na majani mabichi vikianza kuelea, au mlio wa maji ukawa mzito, panda juu upande ule ule uliotokea nyumbani. Usivuke kufuata viatu. Ngurumo ya kwanza nayo inatosha kuwatoa wote majini. Na acha sabuni chumbani: maji ya mto Zigi unayoogelea Amani yanateremka hadi bwawa la Mabayani, kisha yanaingia kwenye mabomba ya jiji la Tanga.

Kuhusu mavazi sitakawia. Viatu vyenye meno, suruali nyepesi inayokauka haraka (jinzi ikilowa ni mzigo), na soksi zivutwe juu ya miguu ya suruali kwa sababu ya kupe na siafu. Siafu wakikupanda, usisimame kuwachambua. Kimbia kwanza hatua 20 utoke kwenye msafara wao, kisha chambua. Tazama unapoweka mguu na mkono, maana yuko nyoka wa jamii ya kifutu ambaye hulala juu ya majani makavu, na rangi zake ni za majani hayo hayo. Na saa 10 jioni anza kurudi. Jua huzama karibu saa 12 na nusu, ila msituni giza hutangulia.

Saa ya nne ni usiku, nayo ndiyo inayokosekana kwenye ubao mara nyingi kuliko zote, kwa kuwa imegongana na chakula. Mimi ningewalisha wageni mapema ili nisiikose. Saa 2 usiku, tochi kichwani, mwongoza mbele. Mwanga ukitoka karibu na macho yako, utaona vijicho vidogo vyekundu juu mtini: huyo ni komba, ambaye nyuma ya jicho ana ngozi inayorudisha mwanga. Vimulimuli vya rangi ya almasi kwenye nyasi ni macho ya buibui.

Kinyonga hupatikana kwa njia tofauti, kwani jicho lake halimeremeti na isitoshe amelifumba. Pitisha mwanga taratibu kwenye ncha za matawi membamba, kati ya goti na urefu wa mtu kunyoosha mkono. Mchana ni kijani ndani ya kijani. Usiku anapolala rangi yake hufifia, na tochi inamtoa kama kipande cha karatasi. Huyu hapa: mkia umeviringwa kama utepe wa fundi cherehani, vidole vimefumbata kijiti, na akiwa dume wa aina ya pembe tatu ya Usambara, zile pembe zimechomoza mbele ya uso kama za mnyama wa kale. Amelala nchani makusudi. Nyoka akitambaa kuja, tawi jembamba litatikisika na kumwamsha.

Wengi wetu tumelelewa tukimwogopa kinyonga kwamba ana sumu au ni mkosi. Hana sumu. Hata hivyo asiguswe, na tochi isimkae usoni zaidi ya nusu dakika, kwani akiamka ataanguka chini au kuhama, na usiku wake utakuwa umeharibika. Mtazame, shusha mwanga, endelea.

Njiani kurudi, huwa namwomba mgeni afunge uzi wa nyasi kwenye shina la kichaka kile. Kesho yake, baada ya chai, tunapita tena pale saa 3 asubuhi, ile saa ya ubao. Uzi upo, kichaka kipo, tawi lipo. Tunamtafuta kinyonga wote, na mimi nikiwemo. Mara nyingi hatumpati, na sidhani kama amekwenda mbali.