Lord Delamere na Malisho ya Njoro

Watoto, mkisimama Uvira na kutazama mashariki, mnaona ziwa letu, na ng'ambo yake milima ya Burundi. Mtu akiipita milima hiyo, kisha akapita Tanzania, atafika Kenya. Huko aliishi Mwingereza mmoja aliyejulikana sana zamani, Lord Delamere.

"Lord" si jina, ni cheo. Uingereza ina koo za wakubwa wenye cheo hiki, na zamani wengi wao walikuwa na mashamba mapana. Baba akifa, mtoto wake mwanamume wa kwanza hurithi cheo. Delamere alizaliwa mwaka 1870. Baba yake alipokufa mwaka 1887, yeye, kijana wa miaka 17, akawa Lord Delamere wa tatu.

Alipenda sana kuwinda, akaja nchi ya Wasomali kutafuta simba. Siku moja simba alimkamata, akamjeruhi vibaya mguu. Mtumishi wake Msomali, Abdullah Ashur, akamrukia simba yule, na hapo bwana wake akapata nafasi ya kushika bunduki. Delamere alipona, ila alichechemea mpaka kufa. Vitabu vinamsifu Delamere kwa uwindaji. Mimi naona shujaa wa siku ile alikuwa Abdullah.

Mwaka 1897 alisafiri na ngamia kutoka Berbera mpaka nyanda za juu za Kenya. Akaona nchi ya baridi yenye majani mengi, ikampendeza. Baadaye akarudi kukaa, na serikali ya Waingereza ikamkodisha ardhi huko Njoro kwa miaka 99. Ilikuwa kama hekta 40,000. Je, mnaweza kuziona hekta hizo kwa akili? Fikirini uwanja wenye kilometa 20 kila upande. Kutoka Uvira mpaka Sange ni zaidi ya upande mmoja wa uwanja huo. Na yote hiyo ni ya mtu mmoja!

Basi akaleta kondoo wazuri kutoka mbali, hata New Zealand. Majani yalikuwa marefu, kondoo wakala, wakashiba. Kumbe walikuwa wanakonda! Wengi wakafa. Sababu ilikuwa udongo. Ulikosa madini fulani ambayo mnyama huyahitaji, kama sisi tunavyohitaji chumvi. Wamasai, ambao ni wachungaji tangu kale, walijua kwamba majani ya pale hayafai, wala hawakuweka mifugo yao huko. Delamere alijua baada ya hasara. Akajaribu ng'ombe, wakafa kwa ndigana na magonjwa mengine. Akalima ngano, ikaingiwa na kutu, ugonjwa unaokausha majani na kuharibu punje.

Hapo ndipo alipofanya kazi yake nzuri kuliko zote. Alimwajiri mtaalamu, akamjengea mahali pa kazi palepale Njoro. Mtaalamu huyo alichagua mimea iliyostahimili kutu, akaichanganya na mingine, akapanda, akachagua tena, mwaka baada ya mwaka. Mwishowe ngano ikakubali. Delamere alianzisha pia kampuni ya kusaga ngano, nayo ikaitwa Unga. Kondoo wake aliwahamishia Soysambu, karibu na ziwa Elmenteita, na huko wakastawi.

Lakini Soysambu ilikuwa ya nani kwanza? Jina lenyewe ni la Kimasai. Mwaka 1904 serikali iliwaondoa Wamasai katika bonde lile ili walowezi Wazungu wapate nafasi. Wengine walipelekwa Laikipia, nao wakaahidiwa kwamba nchi hiyo itakuwa yao siku zote, maadamu kabila lao lipo. Ahadi ile haikufika hata miaka 10. Mwaka 1911 wakaanza kuhamishwa tena, kwenda kusini. Wakaenda mahakamani, wakashindwa mwaka 1913.

Delamere alisema Kimasai, akaajiri wachungaji Wamasai, akapenda kuzungumza nao nyumbani kwake. Naye huyohuyo, tangu mwaka 1907, alikuwa katika Baraza la Kutunga Sheria, akidai kwamba nyanda za juu ziwe za Wazungu tu na walowezi watawale. Mwaka 1923 alikwenda London na wenzake kusema hivyo. Serikali ikajibu kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na faida yao itangulie. Hata hivyo, nyanda za juu zilibaki mikononi mwa Wazungu.

Alikufa mwaka 1931, akazikwa Soysambu, akiacha madeni makubwa, maana fedha zake nyingi zilimezwa na majaribio yale. Barabara kubwa ya Nairobi ikaitwa kwa jina lake, na sanamu yake ikasimamishwa hapo. Mwaka 1963 Kenya ilipata uhuru. Sanamu ikaondolewa, ikapelekwa Soysambu, na barabara ile sasa inaitwa Kenyatta.